Mdudu Mwenye Sura ya Ndugu Yake

Ko! Ko! Ko! Nyundo ya fundi viatu iligonga, ikanyamaza. Kikafuata kikohozi kirefu cha kupasua mbavu. Mkewe, jikoni, akafumba macho.

Miezi sita ya dawa za kifua kikuu. Kisha minane tena. Kila akipimwa, darubini ilionyesha wadudu walewale. Fundi alibaki mifupa na kelele.

"Baba watoto, vidonge unavitupa wapi?"

"Navimeza, mama."

"Unavimeza huku unayeyuka kama mshumaa? Mwongo wee!"

Watoto walisikia. Fundi akaokota nyundo. Alishachoka kuapa.

Makohozi yake yakapelekwa maabara kubwa. Mpimaji, mama mmoja wa makamo, akawaita mume na mke.

"Tumekuta mdudu asiye wa kifua kikuu. Ni ndugu yake. Ndugu hao ni wengi, wanaishi majini na udongoni. Kwa darubini ni shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo tunasoma vinasaba, yaani maandishi yaliyo ndani ya mdudu mwenyewe, herufi kwa herufi. Hapo hawezi kuficha jina." Akamgeukia mke. "Kopo la makohozi mlilisuuza?"

"Mara tatu, kwa maji ya bomba! Nikuletee kopo chafu, nichekwe?"

"Dada, usafi wako umetuponza. Wadudu hao hukaa hata bombani. Sasa huyu katoka kifuani au kwenye bomba?"

Akawapa makopo mawili mapya. "Siku mbili tofauti. Msisuuze. Nataka makohozi ya kifuani, si mate."

Wakasubiri wiki saba. Fundi akashindwa hata kuinua nyundo.

Majibu yakaja: makopo yote mawili, mdudu yuleyule. Na picha ya kifua ilionyesha matundu.

"Basi katoka kifuani. Dawa zake ni nyingine," mpimaji akasema. "Daktari atamwanzishia mumeo. Ni mwaka na zaidi. Matundu huenda yasizibike, ila mdudu anaweza kushindwa."

"Na zile za mwanzo?" mke akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata angemeza gunia zima, hazikuwa za mdudu huyu."

Mwezi wa nne wa dawa mpya, fundi aliongezeka kilo mbili. Kikohozi kilipungua. Pumzi haikurudi yote. Hatua kumi, anakaa.

"Nilikuita mwongo," mkewe akasema.

"Mbele ya watoto."

"Mbele ya watoto." Mke akaketi kando yake. "Leo wakitoka shule nitawakalisha wote, mume wangu, na nitawaambia: baba yenu hakudanganya hata siku moja. Mimi ndiye niliyekosa."