Jua la Kaloleni Halikai Upande Mmoja

Kiamaiko siku ya Jumamosi hapana pa kukanyaga. Mbuzi wanalia, wanunuzi wanalia kuwashinda mbuzi, na moshi wa nyama choma unawapita wote juu ya vichwa bila kuwasalimu. Winny alikuwa amefuata kitu kimoja tu, gunia la samadi. Alilishika pembe moja, akavuta, likakataa. Pembe ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanamume.

Akamtazama kuanzia chini. Gambuti za njano zisizo na hata doa. Suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Shati jeupe, kwenye soko la mbuzi. Na juu ya yote, kofia pana ya ukindu, ya mtu anayetaka jua limwombe ruhusa kabla ya kumgusa.

"Niaje, mrembo. Hilo gunia liliniona mimi kwanza."

"Lilikuona likaogopa kukuchafua. Liachie."

Mwanamume akacheka, lakini hakuliachia. "Naitwa Andati. Napanga bustani za watu. Wewe unapanda nini?"

"Miwaridi ya mama. Kaloleni."

"Miwaridi, Kaloleni, ambako bomba hukohoa tu? Hiyo si bustani, ni kifungo. Mama alihukumiwa kwa kosa gani?"

Winny alitafuta tusi la kumtosha akalikosa, kwa sababu huyu bwana wa gambuti za harusi alikuwa amesema kweli. Miwaridi ile ilipandwa na marehemu baba yake, Zedekiah, aliyekula chumvi nyingi katika shirika la reli. Tangu afe, mama yake alikuwa akiamka alfajiri na magoti yake mabovu, kubeba ndoo kutoka bomba la pamoja mpaka uani. Winny mwenyewe alikuwa karani wa ofisi ya mizigo, anatoka jua halijatoka. Wachumba wawili walikwisha kuja wakarudi walikotoka, kwa kuwa hakuweza kumwacha mama na ndoo ile.

"Ukiwa fundi kweli, njoo Kaloleni," akamwambia. "Ukiwa kofia tu, baki hapa na mbuzi."

Alikuja, Jumapili baada ya kanisa, gunia begani na gambuti zile zile. Ilikuwa Januari, jua la kuchoma mgongo. Nyumba ilitazama kusini, na mparachichi mkubwa ulisimama kwenye pembe ya ua. Andati akazunguka akishika simu yenye dira, uso umekunjwa kama daktari mbele ya maiti.

"Mbele, jua," akatangaza. "Nyuma, kivuli. Kila ua lina kwao, Mama. Ulipeleke kwao, halitakuomba maji. Ulipeleke ugenini, utabeba ndoo mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka," Mama Winny akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Na kamba yangu ya nguo huwa naihamisha, mwanangu. Sasa iko mbele. Mvua ya masika ikianza, naipeleka nyuma."

"Mama, mimi nafuata dira. Sipangi bustani kwa kufuata mashuka."

Mama Winny akamtazama kama mtu anayemwona kuku akiingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe. 

Andati akapanda mishubiri na boganvilia mbele, makangaga na maua laini ya kivulini nyuma, akatandaza nyasi kavu ili udongo usikauke upesi. Miwaridi aliing'oa, isipokuwa mmoja ambao Mama Winny alisimama mbele yake akakataa kuondoka.

Mapenzi hayana adabu, humwingia mtu hata akiwa na akili timamu. Winny aliendelea kumdharau Andati, ila sasa alimdharau akiwa amevaa gauni lake la bluu la Jumapili. Saa ya chakula cha mchana simu ililia kila siku.

"Umekula, laazizi?"

"Nakula."

"Nini?"

"Maneno yako. Hayashibishi."

"Basi kesho nitakuletea mengine, yenye chumvi."

"Niletee samaki, Andati. Maneno hata kasuku anayo."

Mwezi Machi Andati alimwomba wakutane nje ya ukumbi wa Kaloleni. Alikuja na koti la rangi ya nyanya lililoonekana toka ng'ambo ya reli. "Winny, nataka kukuoa."

"Nimwachie nani ndoo?" Winny akauliza. "Siku bustani itakapokaa kiangazi kizima bila mama kubeba maji, niulize tena."

"Hiyo ni rahisi."

"Kwako kila kitu ni rahisi mpaka kikushinde."

Mvua ikaja, kisha baridi na mawingu ya Juni na Julai, na kosa la Andati likalala fofofo chini ya mawingu hayo. Agosti mbingu zikafunguka. Jua, ambalo kila mwaka huhama kutoka kusini kwenda kaskazini, lilikuwa limekwisha kuvuka paa zamani, limekaa upande wa nyuma kama mwenye nyumba. Makangaga yalikaangwa yakawa kama omena juu ya bati. Boganvilia ya mbele, iliyofunikwa na kivuli cha nyumba, ilikuwa imerefuka matawi bila kutoa hata ua moja. Na nyuma, juu ya maiti za makangaga, mashuka ya Mama Winny yalipepea yamekauka, meupe kabisa. Mama mwenyewe alikuwa amerudi kwenye ndoo.

Winny akampigia. "Njoo uyasalimie makangaga yako. Yako kwao."

Andati alikuja, akatazama, akalaumu udongo. Alipomaliza udongo alilaumu samadi. Alipomaliza samadi akasema, "Labda Mama aliyamwagilia vibaya."

Winny akafungua lango, akaonyesha njia kwa kidole. "Mimi nitukane utakavyo. Mama yangu mtoe kinywani mwako."

Jioni moja wiki hiyo hiyo, Winny alirudi kutoka kazini akakuta mashimo. Kila kangaga limeng'olewa, hata yale mawili matatu yaliyokuwa bado na roho. Damu ikampanda. Kuna mwanamume anayeacha deni, kuna anayeacha aibu, lakini huyu wa kurudi kuchukua alichopanda, huyu alikuwa hajamwona. Akapiga simu akiwa amesimama katikati ya mashimo.

"Andati, hata mbuzi wa Kiamaiko akiondoka huacha samadi. Wewe umeondoka na kila kitu."

 Sauti ya Andati ikasema, "Ukiamini hivyo, amini."

"Naamini. Na hilo koti la nyanya ulichome."

Mama Winny alikuwa kwenye kigoda akichambua mboga. Aliendelea kuchambua.

Septemba ikapita, na Oktoba nayo ikaanza kuyoyoma. Simu ya mchana ikanyamaza. Winny alisema kwa kila mtu ofisini kwamba amepumzika. Lakini kila alipoona gambuti za njano barabarani alikasirika, na zilipokuwa za mtu mwingine alikasirika zaidi.

Jumamosi moja kabla ya vuli, alitoka sokoni akamkuta Andati amepiga magoti uani. Gambuti zilikuwa na tope hadi juu. Kando yake makopo ya rangi yalijipanga, na ndani ya kila kopo kangaga bichi, limejaa. Mama Winny alikuwa amesimama na mwiko, akiamrisha.

"Hapa, Mama?"

"Hapo jua linafika Juni. Sogea."

"Na hapa chini ya mparachichi?"

"Hapo nguo haijawahi kukauka tangu Zedekiah anilete Kaloleni. Panda."

Winny akatua kikapu. "Mwizi amerudisha mali?"

"Si mwizi," mama yake akasema. "Mimi ndiye niliyempa. Yalikuwa yanakufa, akaomba akayauguze kwake, mtaa wa Fedha."

"Na ulinisikia nikimtukana?"

"Ulikuwa unatukana vizuri, nyathina, mwanangu wee, sikutaka kukukatiza. Tena nilitaka kuona kama atarudi bila kuitwa."

Winny akamgeukia Andati. "Na wewe? Mdomo wako uliliwa na nani?"

Andati hakuinua uso kutoka kwenye udongo. "Kusema nimeyachukua kuyaponya ni kusema mimi ndiye niliyeyaua. Nilishindwa kulitamka hilo."

Lilikuwa jibu la kipumbavu, na la kwanza la kweli kutoka kwake tangu Kiamaiko. Winny akaokota kopo, akampa.

Safari hii dira ilibaki mfukoni. Kando ya kuta zote mbili, wa mbele na wa nyuma, akapanda mimea inayovumilia nusu mwaka jua na nusu mwaka kivuli: mkonge mdogo wa mapambo uliosimama kama panga, na yale majani marefu yenye mstari mweupe ambayo kila mama wa Kaloleni huyaotesha kwenye kopo wala hayafi. Boganvilia aliihamishia langoni, ambako kivuli cha paa hakifiki mwezi wowote. Na mwaridi wa Zedekiah akaupeleka pale yanapomwagwa maji ya kufulia.

Desemba Mama Winny alisafiri kwenda Alego kwa Krismasi, akakaa huko mpaka kiangazi kikakaribia kwisha. Winny hakuimwagilia bustani hata kikombe, kwa makusudi, na kila asubuhi aliikagua kwa jicho la hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Nyasi za jirani ziligeuka majivu. Bustani ikamtazama tu, bado kijani.

Siku Mama aliporudi, Andati alikuja kumbebea mizigo. Mama hakuingia ndani. Alizunguka ua akigusa majani kwa vidole, akafika kwenye mwaridi. Ulikuwa na ua moja jekundu.  Kisha akaichukua ndoo yake, akaipindua chini juu, akaikalia.

Andati akakohoa. "Winny. Lile swali."

Winny akamtazama kuanzia chini, kama siku ile. Gambuti zilikuwa hazina tena rangi ya kutajika.

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Lakini nyumbani kwetu kamba ya nguo nitaitundika mimi, na ile dira yako ukiileta nitaizika kwenye samadi."

"Na nikitaka kujua jua liko upande gani?"

"Utaangalia mashuka," Winny akasema, akaingia ndani kumpikia chai.