Kifuniko Kilichomshinda Mzee Mogesi

Ndugu zangu mnaoishi na wazazi waliozeeka, na nyinyi mliowaacha vijijini mkaenda kutafuta maisha, sogeeni karibu kidogo. Haya yalitokea kwenye nyumba moja nje kidogo ya Nyamwaga, nyumba ya watu wanaopendana, na ndiyo maana yananiuma kuyasimulia. Hakukuwa na mlevi humo, wala mwizi, wala mchawi. Kulikuwa na kopo la dawa.

Zamani asubuhi za Mzee Mogesi zilikuwa tulivu. Ng'ombe wakishatoka zizini, alikaa nje kwenye kiti chake, blanketi mabegani, akitazama migomba yake. Mkewe Rahabu alitoka ndani na kikombe cha uji mkono mmoja na kidonge mkono wa pili. Mzee alikunjua kiganja, kidonge kikawekwa, akameza, basi. Alikuwa na presha, na vidonge vyake vilitoka zahanati ndani ya kibahasha cha karatasi. Kwa miaka sita hakujua hata kibahasha chenyewe kinawekwa wapi.

Kisha Rahabu akafariki. Matanga yalipokwisha, pale nyumbani walibaki mzee, mkamwana wake Teddy, na watoto wawili wadogo wa Teddy. Mume wa Teddy, Gidion, ambaye ndiye mwana pekee wa mzee, yuko kwenye machimbo ya dhahabu na anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine miezi miwili.

Desturi ya kule mnaijua. Mkamwana hakanyagi chumba anacholala baba mkwe wake. Teddy alileta chakula barazani, akasalimia kwa mbali, akarudi jikoni. Miaka tisa waliishi hivyo bila neno baya kati yao. Mimi siikejeli heshima hiyo, nimelelewa nayo.

Sasa zahanati ikaishiwa dawa ya presha. Gidion aliposikia alihangaika kama mtoto mwema anavyopaswa kuhangaika. Alikwenda mpaka Sirari, akavuka mpaka kwenda upande wa pili, akarudi na kopo jeupe la plastiki lililojaa vidonge tisini.

"Tata," alisema, maana Wakurya ndivyo wanavyomwita baba, "hii ni dawa ya uhakika. Kimoja kila asubuhi."

"Nimesikia."

"Utaweza lakini?"

"Kumeza kidonge? Wewe umeniona mimi ni mtoto?"

Gidion akacheka, akaangalia saa, akarukia bodaboda. Alikuwa nyumbani kwa muda usiozidi saa moja. Katika saa hiyo kopo lilishikwa, likasifiwa, likatikiswa ili watoto wasikie vidonge vinavyolia. Hakuna hata mmoja aliyelifungua.

Kesho yake asubuhi mzee alikaa kitandani akashika kifuniko, akazungusha. Kikalia tik-tik-tik, kikazunguka chote, kopo halikufunguka. Akazungusha upande wa pili. Tik-tik-tik. Juu ya kifuniko kulikuwa na vimshale na maandishi ya Kiingereza madogo kama mayai ya chawa. Vifuniko vya namna ile huwekwa makusudi ili watoto wasifungue. Unatakiwa ukibonyeze chini kwa nguvu huku unakizungusha. Nani alimwambia? Hata angeambiwa, vidole vyake vimepinda kwa baridi ya miaka, na dole gumba la kulia liliumizwa na jembe la ng'ombe akiwa kijana. Kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja kwake ilikuwa kazi ya watu wawili.

Alijaribu meno. Jino moja likaanza kucheza. Alijaribu kulibana kopo kwenye mlango, likaruka likaangukia uvunguni, akalitafuta kwa magoti huku anatukana kimoyomoyo. Siku ya tatu alichukua kisu, kikateleza kikamchana kidole. Teddy alipoona kitambaa kidoleni aliuliza, "Tata, umeumia?" Mzee akasema ni mwiba.

Kwa nini hakumwambia? Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na ni hasira ya kumwonea huruma. Mogesi alikuwa mtu wa kushika dume la ng'ombe kwa pembe, watu wakalichinja yeye akiwa amelishikilia. Alijiambia, mkamwana akinifungulia kopo leo, kesho atanivalisha suruali. Na dawa iko chumbani, na chumbani haingii. Basi akalibeba lile kopo moyoni kama siri ya aibu. Asubuhi lilikuwa chini ya mto, mchana mfukoni mwa koti, jioni ndani ya buti. Hakutulia. Alikaa akainuka, alikwenda zizini akarudi bila kujua alifuata nini. Kichwa kilimgonga, na usingizi ukamkimbia.

Siku moja alikusudia kabisa kumwambia Yona, rafiki yake wa rika moja. Walikutana kwenye mashine ya kusaga. Mzee alikuwa na kopo mfukoni, mkono uko juu yake.

"Yona, nina jambo."

"Subiri kwanza nikuchekeshe," Yona akamkatiza. "Unamjua Simon wa kule juu? Siku hizi anafungwa vifungo vya shati na binti yake! Mwanamume mzima ananyoosha shingo kama ndama!"

Waliokuwa wakisubiri unga walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mzee Mogesi naye akacheka.

"Enhe, ulisema una jambo gani?"

"Hakuna. Nilitaka kuuliza bei ya mahindi."

Yona hakuwa na ubaya wowote. Lakini jamani, midomo yetu hii!

Gidion alipiga simu kila Jumapili. "Tata, dawa unameza?" Mzee alijibu, "Nameza." Kisha Gidion alimuuliza mkewe. "Baba anameza?" Teddy alijibu kweli tupu. "Nitajuaje? Mimi naingia chumbani kwake?" Lakini hakusema yale mengine, kwamba kila asubuhi anasikia kitu kinagongwa mle ndani, na kwamba mzee amepungua. Aliona si adabu kuuliza.

Wiki ya tano mzee akaenda kliniki ya presha pale zahanati. Nesi Scholastica alimfunga kipimo mkononi, akatazama namba, akatazama tena.

"Babu, presha yako iko juu sana. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku, binti yangu."

Nyuma yake kulikuwa na foleni mpaka nje. Nesi akamwonyesha daktari, na daktari akaandika kwenye daftari la mzee kwamba kuanzia kesho ameze viwili badala ya kimoja. "Rudi baada ya wiki mbili," Scholastica akamwambia. "Ikiwa bado iko hivi tutakupa rufaa, ukalazwe hospitali kubwa."

Fikirini hilo. Mtu hajameza hata kidonge kimoja, na dozi imeongezwa mara mbili! Hakuna aliyesema, babu, nionyeshe kopo lenyewe.

Neno kulazwa lilimtia mzee hofu kuliko presha yenyewe. Rahabu alilazwa, na hakurudi. Wiki mbili zile alizihesabu siku kwa siku. Uji haukupanda mdomoni.

Asubuhi ya siku ya kliniki alifunga mlango wa chumba kwa komeo, akaliweka kopo sakafuni, akachukua kichwa cha shoka. Pigo la kwanza kopo likakimbia. Pigo la pili likapasuka. Vidonge vikatawanyika chini ya kitanda, kwenye buti, kila mahali. Mzee akakaa chini anahema, anacheka peke yake kwa ushindi.

Ndipo akafanya kosa lile baya kuliko yote. Aliwaza hivi: nesi atanipima leo. Kipimo kitamwambia kwamba sijameza. Basi nimeze vya leo viwili, na vya jana, na vya juzi, damu ishuke upesi nisilazwe. Akahesabu sita kiganjani, akavimeza kwa maji ya mtungini.

Alivaa koti, akatoka barazani kungoja bodaboda. Muda ukapita. Kisha akakumbuka daftari la kliniki, akarudi ndani kulichukua. Aliinama, akainuka, na chumba kikazunguka. Mkono wa kulia alioutanguliza kujizuia ulipiga ukingo wa kitanda. Hakusikia hata ulivyovunjika.

Teddy alikuwa anaosha vyombo. Alisikia kishindo. Alikimbia mpaka mlangoni, akasimama.

Mlango ulikuwa wazi. Aliona miguu ya mzee na kiatu kimoja kimetoka.

"Tata! Tata, unanisikia?"

Alitazama huku na huku amtafute mwanamume wa kuingia. Hakukuwa na mtu. Binti yake Ester, wa miaka mitano, alikuja akasimama kando yake, akauliza kwa nini babu amelala chini. Miaka tisa hakuwahi kuona ukuta wa ndani wa chumba kile una rangi gani. Kisha akavuka kizingiti.

Mzee alikuwa na jasho baridi, ngozi imepauka, anapumua kwa mbali. Teddy alimnyoosha, akamwekea mto chini ya miguu, akapiga yowe lililofika barabarani. Alipoona vidonge na vipande vya kopo sakafuni alielewa kishindo cha kila asubuhi kilikuwa nini. Akavizoa vyote, akavifunga kwenye pindo la kitenge.

Ngeleja, mtu wa bodaboda aliyeagizwa kuja kumchukua mzee, alifika wakati huohuo. Walimpakia katikati, Teddy nyuma amemkumbatia baba mkwe wake kifuani, mbele ya macho ya kijiji kizima.

"Amekula nini?" Scholastica aliuliza zahanati, huku anatafuta mshipa wa kuwekea dripu. Teddy akafungua pindo. Nesi akahesabu haraka haraka, na mikono yake ikapunguza mwendo.

"Wiki saba sasa. Vilitakiwa vibaki visizidi thelathini. Hapa kuna themanini na vinne." Akamtazama mzee. "Huyu hakuwahi kumeza. Amemeza leo, kwa mkupuo. Na sisi tukamwongezea." Sentensi ya mwisho aliisema kwa sauti ndogo, akafuta macho kwa mkono wa koti.

Mzee Mogesi hakufa. Presha iliyoshuka kama ndoo kisimani ilipandishwa polepole, na kweli alilazwa hospitali ile aliyoiogopa, siku tano. Mkono ulifungwa plasta, na tangu siku hiyo kifundo chake kimepinda, hakitanyooka tena. Gidion alikuja kwa safari ya usiku na mchana mmoja, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nilileta dawa, Tata," alisema, "nikaona nimemaliza."

Mzee aliporudi nyumbani majirani walikuja kumpa pole. Yona akasogeza kiti, akanong'ona, lakini minong'ono yake mnaijua, ilisikika na wote. "Wanasema mkamwana amekanyaga chumba chako. Utalisemaje hilo kwa wazee?"

Mzee alimjibu kwa sauti ya kawaida, wote wasikie.

"Yona, siku ile kwenye mashine nilikuwa na kopo mfukoni. Nilitaka unifungulie."

Yona akakirudisha kiti chake nyuma.

Mzee akatoa kopo jipya mfukoni kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa la aina ileile, na kifuniko kilekile. Akaliweka kwenye meza ya barazani mbele ya watu wote, akaita kuelekea jikoni. Siku zote alimwita Mama Ester. Siku hiyo aliita tofauti.

"Teddy, mwanangu. Njoo unifungulie. Nimeshindwa."

Teddy akaja anafuta mikono. Akabonyeza, akazungusha, kifuniko kikatoka. Hata pumzi moja haikuisha.

"Ni hivyo tu?" mzee aliuliza.

"Ni hivyo tu, Tata."

Mzee alikitazama kifuniko kile, machozi yakamtoka mbele ya wageni na hakujificha. Kisha akakunjua kiganja cha kushoto.

FUNZO

Ndugu zangu, dawa ikiwa ndani ya kopo lisilofunguka haimponyi mtu. Ukimletea mzazi dawa, usirukie bodaboda. Kaa, mpe kopo alifungue mwenyewe, na umwone anameza kile cha kwanza. Akishindwa, omba vidonge vyake vihamishiwe kwenye kibahasha, au mchague mtu wa kumfungulia kila siku. Lakini kopo lililofunguliwa liwekwe juu, mbali na watoto, maana kifuniko kile kina sababu yake.

Wewe mzee mwenzangu, kusema nimeshindwa hakukupunguzii kitu. Umesahau kumeza jana? Endelea na cha leo tu, usirudishie vya nyuma, na mwambie nesi ukweli hata ukikuaibisha. Nanyi mnaopima watu, kabla hamjaongeza dozi, ombeni kuonyeshwa kopo. Desturi zetu tuzishike, ila zisitufanye tusikilize mtu anagonga wiki saba nyuma ya mlango tukaita hiyo adabu.

Na sisi tunaopenda kuchekesha watu mashineni, tujue kwamba pengine aliyesimama kando yetu ana kopo mfukoni. Kama una mzee nyumbani, nenda leo umwambie akufungulie dawa yake wewe ukimtazama mikono.