Sauti ya Safu ya Nyuma

Garam na Da-gyeom walijuana kwa sababu ya bakuli la ramyeon, tambi za mchuzi. Ukumbi wa michezo ya kompyuta pale mtaani Sinchon ulikuwa umefurika, mhudumu akampelekea Da-gyeom chakula cha jirani yake, naye akakifyeka. Kugeuka, akamwona msichana wa koti la njano amemkunjia uso.

"Utalipa kwa kucheza kwenye timu yangu," Garam alimwambia. Da-gyeom akalipa kwa moyo mkunjufu, na penzi likashika kasi.

Lakini mchezoni Garam hakuwahi kufungua maikrofoni, aliandika tu. Da-gyeom akadhani anamwonea haya mbele ya rafiki zake. Wakagombana kwenye simu, Da-gyeom akasusa ukumbi na kuchezea nyumbani kwake, mtaa wa pili. Hakujua kwamba mwaka uliopita mwanamume mmoja aliisikia sauti ya Garam mchezoni, akamwandama hadi mlangoni kwake, mpaka Garam akabadili jina lake la mchezoni.

Jioni moja Garam alikwenda ukumbini peke yake, akajiunga na timu ya Da-gyeom kimyakimya. Mchezo ule una njia mbili za sauti: moja huwafikia wenzako wa timu tu, nyingine humfikia yeyote aliye karibu nawe vitani, hata adui. Kwenye hiyo ya pili, adui akacheka.

"Umebadili jina tu, Garam. Koti la njano limekupendeza."

Garam akavua vipokea sauti masikioni. Kicheko bado alikisikia, safu ya nyuma yake.

Akavivaa tena, akabonyeza kitufe cha timu na kunong'ona, "Da-gyeom, yumo humu ndani. Yule aliyenifuata nyumbani. Yeye ndiye aliyenifunga mdomo, si wewe."

"Usigeuke, mpenzi. Pokea simu yangu, nakuja."

Da-gyeom alifika na kandambili miguuni, anahema, simu ingali sikioni. Akasema waondoke. Garam alitamani sana, lakini alijua akitoka kimya leo hatasema tena. Akabonyeza kitufe cha ile njia ya pili.

"Ndiyo, ni Garam. Niko na mchumba wangu, na polisi nawaita sasa. Rudia ulichosema, wote wasikie."

Nyuma yao kiti kikaburuzwa. Mtu akatoka mbio, akiiacha kompyuta yake imewashwa.

"Mchumba?" Da-gyeom alimnong'oneza. "Nimekuposa lini?"

"Nipose sasa hivi," Garam alisema, amemng'ang'ania mkono. "Bado naogopa."