Gimbi la Kumpokea Mama

Kila siku baada ya shule Akoia alivua sare, akajifunga kitambaa kiunoni, akajitwika kapu la majani makavu na kushika njia ya shimoni. Ilikuwa saa ya jua kali. Wazee walikuwa wamelala, na hata mbwa walikuwa wamejinyoosha chini ya sakafu za nyumba zilizoinuliwa kwa nguzo. Kisiwa chetu ni chembamba, na anayesimama katikati yake husikia bahari kuu ikivunjika kwenye miamba upande mmoja, na upande wa pili, penye maji yaliyotulia, hasikii kitu.

Shimo la magimbi la ukoo wao lilichimbwa na mababu kwa mikono na magamba ya kombe, mpaka walipofika kwenye maji matamu. Magimbi yetu husimama humo ndani ya maji, na majani yake hupanda juu hata mtu mzima anaweza kupotea kati yake. Kila gimbi limezungushiwa kapu lisilo na kitako, lililosukwa kwa majani ya mkadi. Ndani ya kapu hutiwa majani yaliyokatwakatwa na udongo mweusi. Majani yakioza gimbi hula, na likila hunenepa. Ni kazi ya miaka. Ni majani gani yachanganywe na yapi, kila ukoo una siri yake, na mtu mwenye adabu hachungulii shimo la wenzake.

Mwaka ule Akoia alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na alipewa gimbi moja la kulisha. Lilikuwa kubwa kuliko yote ya shimo lile. Baba yake, Tataua, alimwonyesha kwa kidole na kumwambia kwamba hilo ndilo watakalong'oa siku mama atakaporudi.

Mama yake Akoia, Rotia, alikuwa amepelekwa hospitali kuu ya kisiwa cha Tarawa kwa ndege ndogo, akiwa na uvimbe tumboni. Mama mdogo alifuatana naye ili amuuguze. Alipokuwa akipandishwa ndegeni, Rotia alijaribu kupunga mkono, lakini mkono uliishia njiani. Akoia aliuona mkono ule kila alipofumba macho.

Basi siku ya kwanza aliyoshuka shimoni peke yake, alimwaga majani ndani ya kapu, akasimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, akasali. Alimwambia Mungu kwamba gimbi hili ni la mama. Likinenepa, atajua kuwa mama anapona. Lisiponenepa, basi… Hakulimaliza neno hilo, maana aliogopa kulisikia.

Lakini gimbi hukua chini ya maji, ndani ya tope, mahali jicho halifiki. Atajuaje kama limenenepa? Bibi yake, Tekinano, alikuwa amemfundisha sheria moja kubwa kuliko zote: mkono haushuki chini ya kapu. Anayelisha hutia majani juu, akaondoka. Akoia aliikumbuka sheria hiyo siku ya kwanza na siku ya pili. Siku ya tatu alijiambia kuwa atagusa mara moja tu.

Akauingiza mkono taratibu. Maji yalikuwa ya baridi, na tope lilikuwa laini kama uji. Vidole vyake vikapita kati ya mizizi myembamba kama nywele, vikalifikia gimbi lenyewe, gumu, la mviringo, limetulia gizani kama mtoto tumboni. Akalishika. Moyo wake ukatulia nao. Juu yake majani mapana yaliyumba polepole, na mwanga wa kijani ulimiminika juu ya mabega yake. Alihisi kwamba mizizi ile ilishuka chini, ikapita chini ya bahari na chini ya visiwa vyote, ikatokea Tarawa chini ya kitanda cha mama. Aliposhika huku, mama alihisi kule. Alikaa hivyo mpaka kivuli kilipoanza kupanda ukuta wa shimo.

Kuanzia hapo hakuweza kuacha. Kila alasiri alitia majani, kisha akatia mkono. Siku nyingine aliona limenenepa, akarudi nyumbani anaruka. Siku nyingine aliona halikuongezeka, akarudi na kuukataa wali. Kwa hiyo akawa anapima mara mbili, halafu mara tatu, ili apate jibu lililo zuri.

Binamu yake Kaure, aliyekaa naye dawati moja, ndiye wa kwanza kugundua kitu.

“We Akoia, hebu sogea huko,” alimwambia darasani. “Mkono wako unanuka kama kaa aliyekufa juzi.”

Wenzao wakacheka. Akoia akamjibu kwamba kaa aliyekufa juzi ana nafuu kuliko mdomo wake yeye, kisha akauficha mkono chini ya dawati. Alikuwa akiusugua kwa mchanga na kwa sabuni, lakini tope la shimoni lina harufu yake, nalo halitoki upesi.

Katika siku hizo redio ya upepo ya zahanati iliharibika. Muuguzi aliwaambia kuwa kifaa kimeagizwa na hakijulikani kitafika lini, na habari za Tarawa zikakatika. Ndipo Akoia aliposhuka shimoni na kukuta jani moja la gimbi limekuwa la njano. Kesho yake yalikuwa mawili. Akamwahidi Mungu kwamba hatagombana tena na Kaure. Akamwahidi pia kwamba hataramba asali ya mnazi, ambayo aliipenda kuliko chakula chochote. Majani yakazidi kuwa njano, na moja likalala juu ya maji.

Jioni chuma cha kanisa kinapogongwa, nyumba zetu zote hutulia na kila familia huketi mkekani kwa sala. Jioni ile ilikuwa zamu ya Akoia kuomba. Baba alikwishainamisha kichwa. Wakangoja. Upepo ukapita katikati ya nguzo za nyumba, na bado hakukuwa na sauti.

“Mjukuu wangu, tunakusubiri wewe,” alisema bibi.

“Siwezi, Bibi. Mungu amekwishajibu.”

“Amejibu nini?”

“Gimbi la mama linakufa.” Na akaanza kulia.

Baba alidhani ni huzuni ya mtoto, akataka kumkumbatia. Lakini Bibi Tekinano aliuchukua mkono wa kulia wa mjukuu wake, akavisogeza vidole puani, akanusa. Akaomba yeye, sala fupi, akamtaja mgonjwa wao kwa jina, akasema amina. Kisha akamwambia Tataua kwamba kesho asubuhi, akishuka mnazini kutoka kugema, asiende mbali.

Asubuhi watatu walishuka shimoni. Baba alifungua kapu na kuling'oa gimbi, akaligeuza kitako juu. Nusu yake ilikuwa nyeusi na laini. Mizizi ilikuwa imekatika upande mmoja wote, na kwenye ngozi ya gimbi zilikuwapo alama ndogo za kucha.

“Hizo ni kazi za nani?” aliuliza bibi.

Akoia akaeleza yote: sala yake, mkono wake, mizizi iliyofika Tarawa. Alieleza huku akiangalia maji. Alipomaliza, baba yake aligeuka upande kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni.

“Kumbe,” alisema bibi. “Umeikata mizizi kwa kucha zako, maji yakaingia jerahani, gimbi likaoza. Halafu umemsingizia Mungu.”

Tataua alicheka japokuwa hakutaka, na Akoia akajikuta naye anacheka katikati ya machozi. Kisha kicheko kikamwisha.

“Kwa hiyo mama hafi?”

“Hilo sikulisema,” alijibu bibi kwa upole. “Mimi si daktari, na malaika hawaji kwangu na habari. Ninalolijua ni kwamba gimbi ni gimbi, na mama yako ni mama yako. Mungu hakukuandikia barua kwenye jani la njano.”

“Basi nitajuaje?”

“Hutajua. Utaomba, utalala, utaamka, utakwenda shule. Haya maji unayoyakanyaga, umewahi kuyaona yanavyolala chini ya kisiwa? Pande zote ni chumvi, na chini yake ni chumvi. Katikati Mungu ameweka haya matamu, tunayokunywa wewe na mimi. Waliochimba shimo hili hawakuyaona kwanza ndipo wachimbe. Walichimba.”

Bibi akachukua kisu, akakata sehemu iliyooza na kuitupa. Kile kichwa cha juu, chenye chipukizi, akampa Akoia akipande upya mwenyewe. Akamwonyesha jinsi ya kukisimamisha na kukifungia kapu jipya. Hakumpiga. Hakumnyang'anya kazi pia, na jambo hilo lilimshangaza Akoia kuliko kofi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mkono ulizoea kushuka, na sasa ulikaa bure. Alipomaliza kutia majani, Akoia aliketi ukingoni mwa shimo na kuifumbata mikono yake yote miwili. Mwanzoni alimwomba Mungu jambo moja tu, kwa maneno yale yale, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango. Siku moja, katika ule mwanga wa kijani, alichoka kugonga. Akanyamaza. Akasikia bahari upande mmoja, na ukimya upande wa pili, na ukimya ule haukuwa mtupu. Ulikuwa kama chumba ambamo mtu mwingine ameketi, hasemi, wala haondoki. Akoia akamwambia, “Mama ni wako kabla hajawa wangu. Mtunze.” Hakuongeza neno. Jioni ile alikula wali wote na kuomba wa kuongezewa.

Redio ilikuwa bado haijatengenezwa ndege ya wiki ilipokuja. Watu huenda uwanjani hata wasipomtarajia mgeni, na Akoia alikwenda na bibi na baba, wakaketi chini ya paa dogo la makuti pamoja na Kaure, ambaye huko njiani alikuwa amesema mambo ya kipuuzi mengi ili asionekane kuwa ana wasiwasi. Ndege ikatokea kama shomoro mweupe juu ya minazi, ikatua, ikainua mchanga. Mlango ukafunguliwa.

Alishuka mama mdogo. Alikuwa peke yake, na mkononi alishika mfuko wa nguo wa mama.

Baba alisimama, kisha akaketi tena. Bibi alimshika Akoia bega. Lile neno ambalo Akoia hakulimaliza shimoni lilimjia lote. Hakulikimbia safari hii. Alimwambia Mungu moyoni, “Unajua alipo,” na pumzi yake ikarudi. Alikuwa bado hajui, na bado alikuwa ameshikwa.

Ndipo rubani mwenyewe alipotokea mlangoni akirudi kinyumenyume, amemshika mwanamke mwembamba aliyeteremka ngazi hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Rotia alikuwa amekonda hata gauni lilimning'inia. Akainua mkono. Safari hii mkono ulifika juu.

Hapakuwa na gimbi kubwa siku ile. Walikula samaki, wali na shelisheli la kuchoma, na majirani wakaleta walivyokuwa navyo. Kaure hakuweza kujizuia.

“Shangazi, gimbi lako lilikuwapo,” alisema huku mdomo umejaa. “Ila mkaguzi huyu alikuwa analikagua kila siku mpaka likakata tamaa.”

Rotia alimtazama binti yake. Watu walipotawanyika alimwita akae karibu naye mkekani, upande usio na mshono. Akoia akamsimulia mwenyewe, bila kuficha, hata sehemu ya mizizi iliyopita chini ya bahari. Mama alisikiliza amefumba macho, na kwenye sehemu hiyo alitabasamu.

“Siku ya kupasuliwa nilifanya kama wewe,” alisema. “Nililala kitandani nikimwambia Mungu, nionyeshe kwanza kama nitaamka. Nilitaka taa ipepese, au muuguzi acheke, kitu chochote. Daktari akaja na sindano. Nikaona aibu. Nikasema tu, Bwana, mimi hapa, na Akoia yuko kule. Nikalala usingizi mzuri kuliko wa miezi yote. Sikujua nitakachokikuta nikiamka, lakini nilimjua niliyelala mikononi mwake.”

“Na kama usingeamka, Mama?”

“Ungelia sana, na Mungu angekaa nawe ukilia. Mwanangu, kazi yako ifanye yote. Lisha, palilia, soma, omba. Lakini ikifika ile sehemu isiyo yako, ondoa mkono. Anayependa hashiki kila saa kuona kama anapendwa.”

Nje, chuma cha kanisa kikaanza kugongwa. Baba akaitandika mikeka, Bibi Tekinano akaketi mahali pake, na nyumba zote za kijiji zikatulia moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Akoia aliinamisha kichwa, na akaanza.