Miaka Kumi na Minne Imebaki

Jumanne ya tarehe kumi na nne Oktoba, saa ya chakula cha mchana, Gethin Prosser aliweka simu yake katikati ya meza ya kantini, akabonyeza spika ili kila mtu asikie.

"Nyamazeni basi. Leo mnaoniita bahili mtaniomba radhi."

"Nani kakuita bahili?" alidakia Ieuan, dereva mwenzake wa foklifti pale ghalani. "Sisi tunasema tu viatu vyako vimeachama kama vina njaa."

Meza nzima ikacheka. Gethin naye akacheka, maana alijua anachokijua. Miaka kumi na moja nyuma, yeye na mkewe Delyth walichukua mkopo wa nyumba wa miaka ishirini na mitano, kijumba cha safu pale Aberdare, huko Wales, ukuta mmoja na jirani huku na ukuta mmoja na jirani kule. Tangu mwezi wa kwanza Delyth alisema, "Hatuwezi kuwalisha hawa riba mpaka tuzeeke." Kila mwezi wakalipa rejesho, na karibu kila siku, juu ya rejesho, wakaongeza kilichopatikana: pauni kumi, pauni saba, thelathini Gethin akifanya kazi za ziada. Hita haikuwashwa mpaka Novemba. Kifuko cha chai kilitiwa maji mara mbili. Chipsi za Ijumaa zilikufa na hazikufanyiwa matanga.

Mambo ya benki alishika Delyth. Gethin kazi yake ilikuwa kuleta mshahara na kuvaa sweta mbili ndani ya nyumba. Kila akiuliza, mkewe alimjibu, "Tunakaribia, mzee." Kwa hesabu zake za kichwani, ulibaki mwaka, au usifike.

Simu ikapokelewa. Sauti ya binti wa benki, laini, ikamuuliza jina na maswali ya utambulisho, kisha:

"Nikusaidie nini, bwana Prosser?"

"Swali moja tu, binti. Mkopo wangu wa nyumba umebakiza miaka mingapi?"

"Miaka kumi na minne."

Gethin akainamia simu.

"Hebu angalia tena."

"Ni kumi na minne, bwana. Unaisha tarehe ileile iliyopangwa tangu mwanzo. Je, ungependa nikusomee pia—"

Gethin akakata simu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Sasa, yule binti angeanza na hilo alilotaka kusoma, haya yote yasingekuwepo. Lakini watu wa benki ndivyo walivyofundishwa: ukiwauliza jicho watakujibu jicho, hata kama ni pua inayotoka damu. Na wanaowafundisha ni wale wakubwa wa viti vya kuzunguka, ambao maishani mwao hawajawahi kutia maji kifuko cha chai mara ya pili.

Ieuan alikuwa anahesabu kwa vidole. "Ishirini na tano, toa kumi na moja... Mzee, ina maana hizo za juu hazijafika hata senti?"

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Ila mkeo si analipia nyumba kila mwezi? Basi uliza ni nyumba ya nani."

Hawakucheka tena, na hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Jioni alipofika nyumbani, nyama ya kondoo ilikuwa mezani. Kondoo, Jumanne, katika nyumba isiyowasha hita!

"Umeipata wapi hii?" aliuliza.

"Nilipata kwa bei nzuri."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyama," Delyth akacheka. Alikuwa bado na kilemba cha kazini, jikoni mwa shule ya msingi anakopika. "Kula, kwani unataka ipoe?"

"Leo umeongeza ngapi benki?"

"Kumi na mbili. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Tangu lini wewe unauliza tu?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angesema, "Nimepiga simu benki, wameniambia hivi," wakamaliza kabla viazi havijapoa. Hakusema. Mtu umwulize akiwa hai na yuko mbele yako. Ukichelewa utauliza ukuta, na ukuta haujibu. Gethin akatafuna kondoo wake, na kila tonge akiliona lina mkono wa mwanaume mwingine.

Delyth alipopanda juu kuoga, simu yake ikawaka juu ya kabati la vyombo. Gethin hakuwa mtu wa kusoma simu ya mke. Usiku ule akawa.

"Alhamisi saa moja. Mlango wa nyuma. Njoo na mfuko mkubwa. Asijue mtu. E."

Akaisoma tena. Mfuko mkubwa wa kubebea nini? Nguo?

Alhamisi jioni Delyth akavaa koti. "Nakwenda kwa mama mara moja."

"Msalimie," alisema Gethin, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa upole wake.

Alimwacha atangulie, akamfuata kwenye mvua. Delyth hakukata kona ya kwa mama yake. Alishuka moja kwa moja hadi supamaketi, akazunguka nyuma kwenye mapipa ya taka. Mlango wa chuma ukafunguka. Akatoka mwanaume, mrefu, kofia imeshuka usoni. Wakanong'onezana. Delyth akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya mkopo, ambacho Gethin hakumbuki alikisikia lini mara ya mwisho. Yule bwana akamkabidhi mfuko. Delyth akampigapiga shavuni kama mtu wake.

Gethin akarudi nyumbani analowa. Mkewe aliporudi alimkuta kitandani, kageukia ukutani.

"Umelala?"

Gethin akavuta blanketi.

"Mama anakusalimia."

Uongo wa pili huo, akahesabu. Usingizi hakuupata.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama mkwe, Bi. Mair, katimiza miaka sabini na mitano. Walikusanyika kwake asubuhi: bibi mwenyewe, Delyth, dada yake Delyth aitwaye Lowri, na Gethin aliyekuwa hajanyoa ndevu tangu Jumanne.

"Mkwe wangu, mbona umenuna kama umekunywa siki?" aliuliza Bi. Mair. "Njoo ukae, nikate keki."

"Kabla hujakata, mama, muulize binti yako anamjengea nani."

Kisu kikasimama hewani.

"Gethin," alisema Delyth taratibu. "Sema vizuri."

"Nitasema vizuri. Nimewapigia benki. Miaka kumi na minne imebaki, Delyth! Ileile ya siku ya kwanza, kama vile hatujaongeza hata senti. Mimi nimevaa viatu vya kuachama miaka kumi na moja, nacheka na wanaonicheka, kumbe hela unapeleka kwa bwana."

"Bwana gani?" Lowri akaruka.

"Huyo E wake! Alhamisi nilikuwa nyuma ya supamaketi. Nimeona kwa macho yangu. Mwizi mkubwa wewe."

Bi. Mair akaweka kisu chini. "E? Emrys? Emrys Vaughan wa nyonga ya chuma?"

"Simjui nyonga yake!"

"Baba wa watu ana miaka sitini na nane, akipiga chafya lazima ashike ukuta!" Lowri akaangua kicheko, akajiziba mdomo alipoona uso wa dada yake.

Delyth hakucheka wala hakulia. Alitoa simu, akapiga, akaiweka juu ya kitambaa cha meza karibu na keki.

"Naomba kujua deni la mkopo wetu lililobaki," alisema baada ya kutaja majina yao na kujibu maswali ya benki. "Sio miaka. Deni."

"Pauni elfu moja mia tisa na kumi na mbili, bibi," ilijibu sauti ya kijana.



"Tulichukua elfu arobaini na nane," Delyth akamwambia mama yake, kama vile Gethin hayupo. Kisha kwa simu: "Na kwa nini mume wangu aliambiwa miaka kumi na minne?"

"Mkiongeza, sisi hatupunguzi miaka mpaka mtuombe. Tunapunguza rejesho la mwezi. Rejesho lenu sasa ni pauni kumi na tatu na kitu, na bibi umeendelea kulipa kama zamani na zaidi. Hiyo miaka ni ya kwenye mfumo tu. Mkimaliza deni leo, tunafunga leo."

"Asante."

"Kuna lingine, bibi?"

"Lipo, lakini sio lenu."

Akakata.

"Delyth..." Gethin alianza.

"Ngoja, hujamsikia mwizi wako wote. Emrys ndiye anayebandika vibandiko vya njano jioni, kwenye nyama iliyofika siku yake ya mwisho. Bei inashuka hadi robo. Ananiwekea kabla watu hawajavamia, na wakubwa wake wakijua wanamfukuza kazi, ndiyo maana mlango wa nyuma."

"Ile kondoo ya Jumanne?"

"Kibandiko."

"Na soseji za Jumapili?"

"Kibandiko."

Bi. Mair akaiangalia keki. "Usiniambie, mwanangu."

"Kibandiko, mama. Heri ya kuzaliwa."

Lowri akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" Gethin aliuliza.

"Wewe uliapa wiki ya harusi yetu kwamba kibandiko hakitaingia nyumbani kwako. Ulinisimulia mama yako alivyokulisha hivyo, na watoto wa shule wakakuimbia njia nzima. Ulilia, Gethin, mwanaume mzima. Basi mimi nikawa nabandua. Kila wiki nasimama jikoni nabandua kwa kucha ili ule kwa raha. Huo ndio wizi wangu."

"Nisamehe. Benki ndiyo iliyoni—"

"Benki wana lao, nitawatukana siku nyingine. Benki haikulala kitandani kwangu tangu Jumanne inanihesabia makosa na mdomo imeufunga. Ni wewe." Akavuta kiti, akakaa. "Mama, kata keki. Mimi leo silali kwangu."

Gethin akarudi peke yake. Usiku ule aliwasha hita, kwa hasira, Oktoba hiyo. Ikanguruma, ikanuka vumbi. Baada ya nusu saa akaizima.

Kazini Ieuan alikuja na uso wa aibu. "Mzee, mimi nilikuwa natania."

"Najua. Mjinga ni aliyekusikiliza."

Gethin alimtumia mkewe ujumbe kila jioni.

"Delyth nimekosa. Rudi nyumbani."

Haukujibiwa.

"Nimekwenda kwa Emrys kumwomba radhi. Alinionyesha kovu la nyonga. Sikumwomba anionyeshe."

Haukujibiwa.

"Leo nimenunua nyama yenye kibandiko. Mchana kweupe, mbele ya mke wa Ieuan. Nimepika, nimekula."

Huo ukajibiwa. "Ulichemsha au ulikaanga?"

"Nilikaanga."

"Ungechemsha."

Novemba ikaisha, milima ikafunikwa na ukungu. Ijumaa ya kwanza ya Desemba ukaingia ujumbe: "Nimelipa yote. Akiba niliyokuwa nimeweka ya likizo ya pwani kule Tenby nimejumlisha na ya mwezi huu. Wamefunga. Nyumba ni yetu."

Baada ya dakika chache benki nao wakaandika. Waliwapongeza kwa furaha kubwa, wakawakaribisha kukopa tena. Watu hao hawana haya.

Jioni mlango ukagongwa. Delyth alikuwa na ufunguo, lakini aligonga. Gethin akaja kufungua.

"Ingia, mke wangu. Ingia, baridi."

Akaingia, akakaa bila kuvua koti. Hakuwa na begi.

"Vitu vyako viko wapi?"

"Kwa mama."

"Delyth, niseme nini? Nimekosa mbele ya mama yako, mbele ya dada yako. Nipige, nitukane."

"Nimeshakusamehe. Siku nyingi. Uliponiambia umekula kibandiko mbele ya mke wa Ieuan, nilicheka mpaka Lowri akaja kuniangalia."

"Basi rudi."

"Siyo msamaha unaonizuia."

"Ni nini basi? Sema, safari hii nauliza. Nauliza kwa mdomo wangu."

Delyth akatazama sebule. Kuta zilikuwa zao sasa, hata ile yenye unyevu. Aliongea polepole, kama mtu anayepanga vyombo vinavyovunjika.

"Kule kwa mama nilijaribu kukumbuka tulikuwa tunaongea nini, mimi na wewe, miaka kumi na moja. Nikakumbuka hita. Nikakumbuka chai. Leo tumeongeza ngapi, bado ngapi. Hata kitandani, bado ngapi. Nilidhani ndiyo mapenzi yenyewe, na labda ndiyo yalikuwa. Lakini siku ulipodhani hela hazipo, hukuona kwamba mke bado yupo. Hela zilipopotea machoni kwako, na mimi nikapotea nazo."

"Nilikuwa mjinga."

"Hukuwa mjinga. Ulitishika. Na mimi sasa nimetishika." Akamtazama machoni. "Deni limekwisha, Gethin. Hakuna cha kubana wala cha kungojea. Mimi na wewe tutakaa humu ndani kwa ajili ya nini?"