Aliyeshika Upande wa Pili

Jua lilikuwa linazama fundi wa pinde alipofika dukani kununua skrubu ya jiliwa, chuma chake cha kubania kazi, maana ya zamani ilikuwa imekatika. Duka lilikuwa limefungwa. Akasimama pale, mikono mfukoni. Hakuwa na haraka ya kurudi. Nyumba tupu haina wa kukuambia karibu.

Lakini upinde ulikuwa unamngoja, na mteja angeufuata asubuhi. Bawa la juu, yaani mkono wa upinde ulio juu ya kishikio, lilikuwa limepotoka. Ukiutia ugwe, ile kamba yake, na kuutazama kwa jicho moja kutoka nchani, ugwe ulikimbilia kushoto badala ya kupita katikati ya kishikio. Dawa yake ni mvuke. Ubao ukilainika, unausokota kinyume, kupita kidogo pale unapotaka ukae, kisha unaushikilia hadi upoe. Ukiuachia mapema, unarudia kupotoka.

Jiliwa ndilo lililokuwa likibana kishikio. Kabla ya jiliwa, alikuwa mkewe. Miezi minne sasa tangu amzike. Aliponunua chuma hicho, dada yake alimtania kwamba angalau mke huyu hanuni. Hakucheka hata mmoja wao.

Akarudi karakana, akateleka sufuria ya maji. Mvuke ukatanda karakana nzima, ukinuka utomvu. Bawa lilipokuwa tayari, akakamata ncha, akaanza kusokota. Upinde mzima ukazunguka naye. Upande wa pili haukuwa na wa kuubana.

Kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa, akasema, "Shika hapo."

Upinde ukatulia.

Akasokota. Ubao ukatii... taratibu... Maji yalichemka peke yake. Kifuani kitu kikamjaa, kitu alichokuwa amekisahau, karibu kiwe furaha.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Pumzi tu, nzito, ng'ambo ya mvuke. Na harufu... ya chumba kilichofungwa miaka.

Mkewe alikuwa akichoka upesi. Angebadilisha mikono, angelalamikia vidole, angemwita mtesi. Huyu hakutikisika.

Ubao ukapoa. Fundi akaachia ncha yake.

Upinde haukuanguka.

Ulibaki hewani, umenyooka, umeshikwa upande mmoja. Kisha ukalazwa mezani, polepole, kama mtoto aliyesinzia.

Alfajiri dada yake alimkuta amekaa palepale. Akamsimulia yote. Dada aliuliza jambo moja tu, kama alimwita marehemu kwa jina. Fundi akatikisa kichwa. Dada akauinua upinde kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kishikio, ndani ya mti mgumu, zilikuwa alama za vidole vinne. Kila kimoja kilikizunguka kishikio mara mbili.

"Mdogo wangu," dada akasema kwa sauti ndogo, "ukiomba msaada bila kutaja jina, anaitika aliye karibu."

Akamtaka afunge virago, akalale kwake. Fundi akakubali. Alisema atamfuata jioni, akishamkabidhi mteja upinde wake. Mteja alikuja, akautazama kwa jicho moja, akasifu kazi, hata alama akazidhani nakshi, akaenda zake. Jioni ikaingia. Kwa dada, chakula kilipoa mezani.

Fundi alikuwa karakana. Alikuwa ameteleka maji. Alichagua upinde mwingine ukutani, ulionyooka, usio na kasoro yoyote, akauweka juu ya mvuke. Akavuta kigoda hadi upande wa pili wa meza, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

Akafungua mdomo aite.

Kabla hajatoa neno, kigoda kikalia kwa uzito wa aliyeketi.