Msomaji wa Nje ya Ua

Mukai alikuwa na mazoezi ya kwaya, na mwenye duka akiwa na mazoezi ya kwaya hata mteja wa fotokopi anafukuzwa. Alimwachia Aluoch funguo, akamwambia atume faksi iliyobaki, afunge, aende zake. Kisha akatoka na mwavuli kwapani, anajipasha sauti njiani. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya Riruta Satellite, na mvua ilikuwa inajifikiria.

Faksi ilikwenda. Aluoch hakufunga.

Alivuta kiti mbele ya kompyuta, ile moja tu ya duka, akaunganisha mtandao. Waliokuwepo mwaka ule wa tisini na tisa wanakumbuka. Laini ya simu ilikuwa inalia kwanza, halafu inakwaruza, halafu inapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Mukai alikuwa akiziba masikio. Aluoch aliipenda kelele ile, maana baada yake alikuwa na watu.

Watu wenyewe waliitwa Kibaraza. Waandishi wa Kiswahili waliotapakaa kila mahali: mwalimu wa Tanga, muuguzi wa Muscat, mwanafunzi wa Oslo aliyejiona profesa. Ukiandika hadithi unaituma, inawafikia wote, nao wanajibu. Hapa umelenga. Hapa umeharibu. Huyu mhusika anaongea mno, mnyamazishe. Walikuwa wanararuana vizuri tu, na kesho yake wanaulizana habari za watoto. Lakini hadithi za Aluoch zikifika... kimya. Si sifa, si kejeli. Afadhali matusi, jamani! Mtu akikutukana, angalau amekuona.

Na kimya alikuwa nacho cha kutosha nyumbani. Binamu yake Audrey, waliyekuwa wakikaa pamoja Gatwekera huko Kibera, alikuwa ameolewa akahamia Kisumu, na chumba kikabaki na kitanda kipana kisicho na kazi. Kuna siku Aluoch alifika jioni akagundua kwamba tangu asubuhi hajasema lolote ila "kopi ngapi" na "asante". Upweke wa Nairobi una vituko vyake. Unamsikia jirani akigeuka kitandani, ukuta wa udongo ni huo huo mmoja, na bado huna mtu.

Hadithi yake ya mwisho ilihusu mwanamke aliyekufa kwa kifua, nyumbani kwa kaka yake, bila mume wala mtoto. Alimtafutia jina. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwao tu angeweza kulifanya. Kwao, kando ya Ziwa, marehemu hurudi kwa jina. Mtoto akilia bila kukoma, wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Kwa hiyo kila jina la ukoo lilikuwa na mwenyewe. Isipokuwa moja. Amolo, shangazi yake aliyekufa kabla hajazaliwa. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa. Aluoch aliliona liko bure, akalionea hata huruma, akalichukua.

Jioni ile kulikuwa na jibu.

Lilikuwa moja tu, na pale pa jina la mwandishi palikuwa patupu.

"Nimesoma. Umeandika vizuri. Lakini mkeka haukuwa mpya. Ulikuwa na tundu upande wa miguu, baridi ilikuwa inapita hapo. Endelea."

Mwenye akili zake angejiuliza mambo. Aluoch alilia kwa furaha. Alijifuta kwa mkono wa sweta, akasoma tena, akasoma tena. Mtu amesoma mpaka kwenye mkeka! Alitia tundu kwenye mkeka palepale, akaituma hadithi upya. Alipoinuka kuzima kompyuta, alisikia harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Alidhani ni mvua. Nje bado ilikuwa haijanyesha.

Tangu hapo majibu yakawa yanakuja kila jioni Mukai akishaondoka. Wale wengine wa Kibaraza hawakuonekana kuyaona. Na yalikuwa maoni ya msomaji hasa, si ya kupakana mafuta. Kikohozi umekifanya kifupi mno, nilikohoa mpaka mahindi yakavunwa. Kaka hakulia, futa machozi yake. Aluoch aliona ile "nilikohoa". Akajiambia ni mtu anayeisoma hadithi kwa moyo wote, mpaka anajiweka ndani yake. Si ndiyo ndoto ya kila mwandishi?

Siku moja alijikaza, akauliza: "Wewe ni nani? Uko mji gani?"

Jibu lilikuja kabla hajatoa kidole.

"Niko nje ya ua. Kuna baridi."

Aliutazama mlango wa duka, akautazama tena. Hapakuwa na mtu. Halafu maneno mengine yakajitokeza chini ya yale.

"Niandikie nyumba. Niandikie unapokaa wewe."

Angeweza kukataa. Lakini tangu Audrey aondoke hakuna aliyemwuliza anakaa wapi. Akaandika. Chumba cha Gatwekera, pazia la buluu mlangoni, jiko la mafuta ya taa, dirisha linalofungwa kwa kadibodi. Amolo wa hadithi akaja kusimama mbele ya pazia lile. Na mwishoni, kwa sababu ndivyo alivyojisikia, Aluoch akaongeza: kitanda ni kipana, kinatosha wawili.

Kesho yake Nanyama, jirani yake wa ukuta mmoja, alimdaka akitoka kuoga. Nanyama alikuwa muuza mandazi kutoka Bungoma, na hakuna sufuria iliyofunikwa Gatwekera asijue ina nini.

"Aluoch! Sasa?"

"Poa, mama."

"Umepata mgeni na hata hutuambii."

"Mgeni gani?"

"Si huyo anakohoa." Nanyama akashusha sauti. "Jana kabla hujarudi kutoka job, nimesikia mtu ndani. Anakohoa, anakohoa... nikasema ni Audrey amerudi. Mpeleke hospitali, hicho kifua si cha mchezo."

Aluoch alirudi ndani. Kufuli lilikuwa salama, vitu vyote mahali pake. Upande wa pili wa kitanda, ule wa ukutani, blanketi lilikuwa limelala chini kidogo, kama mtu ameinuka punde. Alipapasa pale kwa mkono.

Palikuwa na baridi. Na unyevu.

Jioni hiyo hakukaa dukani. Alikwenda kwa miguu mpaka Soko la Toi, kwa Phanuel. Phanuel alikuwa mshona viatu, mtu wa kijiji chao, rika la baba yake. Alimkuta anakusanya soli zake kwenye gunia.

"Baba, shangazi Amolo alikufa vipi?"

Mkono wa Phanuel ulisimama. "Nani amekutajia hilo jina?"

"Nimeliweka kwa hadithi."

Phanuel alitazama huku na huku, kana kwamba wauza mitumba wote walikuwa wamekuja kusikiliza. Kisha akanong'ona.

"Huyo waya yako, shangazi yako, hakuolewa. Na unajua kwetu, msichana mtu mzima hajaolewa, hazikwi ndani ya boma. Tulimzika nje ya ua. Na jina tukaliacha huko huko."

"Mbona hamkumpa mtoto?"

"Nani anataka mtoto wake akae peke yake maisha yote?" Alimtazama Aluoch, akayahamisha macho. "Wewe ulilia sana ulipozaliwa, nyathina, mwanangu. Tukataja wafu wote. Kuna mmoja tulimtaja, ukanyamaza kabisa, ukafungua macho."

Aluoch alijua ni nani.

"Nyanya yako akasema huyo hapana. Basi ukaendelea kulia mpaka ukachoka mwenyewe. Tukakuita Aluoch kwa sababu siku hiyo ilikuwa mawingu."

"Baba, ni hadithi tu."

"Umempa jina. Umempa na nyumba?"

Aluoch alikubali kwa kichwa. Phanuel alimshika mkono.

"Mzike. Huko huko kwa hiyo kompyuta. Ndani ya ua, karibu na nyumba ya mama yake, kama watu wengine. Halafu usimtaje tena. Atanyamaza."

Alisema hivyo kumpa moyo. Hakujua amemchoma. Atanyamaza! Aluoch alipanda njia ya kurudi akilirudia neno hilo. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi. Akimzika, nani atamsoma?

Hata hivyo aliliandika kaburi. Jioni iliyofuata, Mukai alipoondoka tu, alikaa akaandika: ua, nyumba ya mama, udongo mwekundu, wanaume wanne na majembe, wanawake wakiimba. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na alijua hivyo. Akaunganisha mtandao. Simu ikalia, ikakwaruza, ikapiga yowe.

Yowe halikukoma.

Lilivutwa, likavutwa... halafu likageuka kikohozi. Kirefu. Cha mtu ambaye kifua kimekwisha. Kilitoka ndani ya kile kisanduku kidogo chenye taa, na duka zima likanuka udongo.

Kisha kimya. Kwenye kioo:

"Umeandika kaburi. Ni zuri. Ukilituma nitakwenda, sitakusumbua tena."

Aluoch alikaa na kidole juu ya kitufe.

"Ila uniambie kwanza. Kesho utamwandikia nani?"

Alifikiria chumba kile. Alifikiria "kopi ngapi" na "asante". Alifikiria miezi yote ile ya kutuma na kungoja, akifungua na kukuta hakuna kitu, akifunga na kutembea mpaka Kibera na moyo mzito. Machozi yalimtiririka, naye hakuyafuta.

Akafuta kaburi. Lote.

"Asante," maneno yalisema. "Sasa tutakaa."

Na papo hapo, amini usiamini, majibu yakaanza kumiminika. Mwalimu wa Tanga. Muuguzi wa Muscat. Watu ambao hakujua hata kama wamo Kibarazani. Hadithi imewatoa machozi. Mkeka ule! Kikohozi kile! Mwanafunzi wa Oslo alikubali kwamba hajaona kitu cha kusahihisha, na huyo hakuwahi kukubali chochote. Aluoch alisoma huku akicheka peke yake, mikono mdomoni, mpaka alipogundua kitu. Alirudi juu, akaanza upya, taratibu.

Hongera, Amolo.

Dada Amolo, unajua kuandika.

Amolo, tutumie nyingine.

Alikwenda mwisho wa hadithi, pale alipokuwa akiweka jina lake. Palikuwa na Amolo. Akaandika kwa haraka, vidole vikigongana: "Mwandishi ni mimi, Aluoch."

Mwalimu wa Tanga alikuwa bado yuko. Akajibu kwa upole: "Aluoch ndiye nani, Amolo? Ni mhusika mpya?"

Alizima kila kitu. Alifunga duka, akatembea upesi, karibu akimbie, kwenye manyunyu, moja kwa moja mpaka Toi. Phanuel alikuwa anafunga gunia lake kwa kamba. Alipomwona, alitabasamu.

"Amolo, nyathina. Mbona unahema hivyo?"

"Baba... ni mimi. Aluoch."

Tabasamu likamtoka. Alimvuta kando, akanong'ona, vilevile kama jana.

"Usitaje hilo jina jioni. Nani amekuambia habari za huyo?"

"Jana wewe mwenyewe uliniambia! Nililia, mkaniita Aluoch..."

"Ulilia, ndiyo. Tukasema Amolo, ukanyamaza. Tukafurahi sana." Alimtazama kwa huruma, namna wanavyotazamwa wagonjwa. "Aluoch ni waya yako. Hakuolewa. Tulimzika nje ya ua, kabla wewe hujazaliwa."

Mvua ilikuwa imeamua sasa. Aluoch alishuka Gatwekera bila kujifunika. Watu walikuwa wengi njiani, na wachache waliomjua walimsalimia, na salamu zote zilikuwa za mtu mwingine. Nanyama alikuwa mlangoni kwake akikung'uta masizi ya sufuria.

"Amolo, sasa? Harakisha, mwanangu. Mgeni wako amekungoja sana leo. Hata ameacha kukohoa."

Alifika. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Nyuma ya pazia la buluu hapakuwa na taa, ila jiko lilikuwa linawaka, na harufu ya udongo mbichi ilikuwa inatoka mpaka nje. Alisimama kwenye matope. Alijaribu kulisema jina lake kwa sauti, alisikie tu. Mdomo ulifunguka. Hakikutoka kitu.

Ndani, kitanda kililia. Mtu alisogea upande wa ukutani, akiacha nafasi.

"Aluoch," sauti ikaita taratibu. "Aluoch, si uingie. Huko nje kuna baridi."

Alijua hapaswi kuitika. Lakini katika Nairobi nzima, na kwao, na Kibaraza chote cha dunia, hakukuwa na mwingine aliyebaki wa kumwita hivyo.

"Naam," akasema, akavua viatu, akaingia.